Kashata Anazama kwa Mara ya Mia Mbili

Teke lilimpata Matle begani, na nilisikia mfupa ukivunjika kabla yeye mwenyewe hajapiga kelele.

"Nani alikwambia upite nyuma yake?" nilimfokea. "Nani? Toka shimoni! Tambaa, usisimame!"

Alitambaa, mkono mmoja ukining'inia kama nguo ya kuanika. Hakuna aliyemkimbilia. Nilikuwa nimewafundisha wiki ya kwanza kabisa kwamba anayeacha nafasi yake ili amsaidie mwenzake anaongeza majeruhi, na angalau hilo lilikuwa limewaingia. Kashata alikuwa amezama hadi kifuani. Farasi jike, rangi ya sukari iliyoungua, kilo mia nne na thelathini, akirusha kwato huku na huku, macho yamegeuka meupe, akitema damu ya ulimi aliojing'ata mwenyewe. Kila alipojitupa juu, tope lilimvuta chini zaidi. Alikuwa anapiga ukelele ambao watu wengi hawajui kwamba farasi anaweza kuupiga.

"Gidamis, kichwani!"

Gidamis alikuwa Mdatoga wa huko juu kwenye mashamba ya ngano, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, mrefu kupita milango yetu yote. Alilala kifudifudi juu ya ubao, akaliziba jicho la Kashata kwa kiganja, kisha akaanza kumpigia mluzi. Ulikuwa mluzi wa kunyweshea: sauti moja ndefu, inashuka, inapanda, inatulia. Huku kwetu mtoto anaujua kabla hajajua kuhesabu. Ng'ombe wakifika majini wanapigiwa huo ili wanywe bila wasiwasi. Sikuwahi kumfundisha mwanafunzi yeyote kuupiga shimoni. Uliwatoka wenyewe, kundi baada ya kundi, nami niliuacha kwa sababu niliuona ni wema, na kwa sababu hata mimi nilikuwa naupiga.

"Sulle, mkuki wa maji, ubavu wa kushoto! Nyie wengine, mkanda upite nyuma ya miguu ya mbele. Atakayeivuta shingo nitamvuta yeye shingo! Tayari? Moja, mbili, tatu, vuta!"

Paulina Sulle alichomeka bomba refu kando ya mbavu za farasi. Maji yalitoka kwa kasi kwenye ncha yake, tope likalegea, na wanaume sita wakavuta. Mara ya tano Kashata aliteleza juu ya ubao, akalala kwa ubavu huku anatetemeka mwili mzima. Dakika kumi na tisa. Ubao mmoja umevunjika, bega moja limevunjika, hakuna maiti. Niliridhika, na sitajifanya kwamba sikuridhika.

Daktari Rwegoshora aliteremka kutoka kwenye kibanda chake akiwa na kibao chake cha umeme mkononi. Viatu vyake vilikuwa safi, kama siku zote. Alikaribia kichwa cha Kashata, akabonyeza.

Kutetemeka kulikoma. Masikio yalilegea. Baada ya dakika moja Kashata alisimama, akajipukuta, akanusa kifua changu kutafuta karoti, akaanza kula majani kandokando ya shimo lililokuwa linamuua muda mfupi uliopita.

"Mara ya mia mbili," alisema Daktari. "Anastaafu kesho. Hongera, Sajini."

Mtu anayetutembelea kwa mara ya kwanza huuliza kwa nini hatutumii farasi wa plastiki. Tulimtumia. Tangu maji yameze barabara zote za bondeni, dawa, chanjo na wagonjwa husafiri mgongoni mwa farasi na punda, na mnyama wa zahanati akizama anazama na alichobeba. Miaka mitatu ya mwanzo nilizika waokoaji kumi na wanne. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu, Boay, aliyepigwa teke la kifua na punda jike akafa akiniuliza amekosea wapi. Wote walikuwa wamefuzu kwa plastiki. Tukajaribu farasi wazee wapole, lakini farasi akishatolewa topeni mara tatu anajua kwamba atatolewa, na mara ya nne anasimama humo ametulia kama muumini anayesubiri mahubiri yaishe. Mnyama asiye na hofu hawezi kumfundisha mtu kitu.

Ndipo Rwegoshora alipokuja na kifutio. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mahindi, kinapandikizwa nyuma ya sikio. Alinieleza kwamba tukio likiingia kichwani halikauki papo hapo. Huchukua kama saa moja, mithili ya saruji mbichi. Kifutio hupitisha umeme mdogo kabla haijakauka, na saa hiyo inafutika yote. Kwa Kashata, kila kuzama kulikuwa ni kuzama kwa mara ya kwanza. Hofu yake ilikuwa halisi kila siku, na kila siku ilikuwa haijawahi kutokea.

Miaka miwili sikuzika mtu. Ukitaka kunihukumu, anzia hapo.

*

Kashata aliteremshwa kwenda zahanati ya Endamuri, karibu na kivuko cha mto. Tulikuwa tumeshapeleka wanyama kumi na wanane bondeni kwa utaratibu huo huo, wote wapole kupita kiasi. Zahanati zilikuwa zinawagombania.

Wiki mbili baadaye umeme ulikatika kambini tangu alfajiri. Wanyama wetu hunywa kwenye vibomba vilivyomo ndani ya vizimba vyao, mashine inawanywesha, hakuna mtu anayesimama nao. Siku hiyo ilibidi tuwatoe mmoja mmoja hadi kwenye birika la zege la uani. Nilikuwa nimesimama barazani na kikombe cha chai. Gidamis alimleta dume la ng'ombe tuliyempa jina la Waziri, kwa sababu ya kitambi. Kilo mia saba. Waziri alikuwa ananifuata uani kama mbwa na alipenda kukunwa chini ya kidevu.

Waziri aliinamisha kichwa, akaanza kunywa. Gidamis akaweka mkono juu ya nundu yake na kufanya kile ambacho baba yake na babu yake wangefanya. Alimpigia mluzi.

Dume aliinua kichwa, maji yanamtiririka mdomoni. Niliona ngozi ya mgongo wake ikikunjamana kutoka shingoni hadi mkiani. Halafu aligeuka akambana Gidamis kwenye ukuta wa birika.

Alimpiga mara nne. Ya kwanza nilisikia hewa ikimtoka Gidamis. Ya pili nilikuwa nimeshatupa kikombe na ninakimbia. Matle, bega limefungwa bandeji, alikuwa anampiga Waziri kwa fito mgongoni na kulia kwa sauti, na fito ilikatika. Ya tatu na ya nne nilikuwa nafungua kabati la bunduki na ufunguo unaniteleza. Nilimpiga Waziri risasi katikati ya paji la uso nikiwa karibu naye kiasi kwamba damu yake iliniingia machoni. Alianguka juu ya miguu ya Gidamis, ikatubidi watu wanane kumsogeza.

"Afande," alisema Gidamis. Kila neno lilitoka na povu jekundu. "Alikuwa anakunywa tu."

"Nyamaza, mwanangu. Usiongee."

"Nilimpigia vizuri kabisa."

Alikata roho kabla machela haijafika. Nilimfumba macho, nikanyanyuka, na kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja baya linaloniita. Nilikwenda vizimbani nikiwa na damu hivyo hivyo. Nilisimama mbele ya ngamia wetu, aliyekuwa anatafuna kwa starehe, nikapiga mluzi kwa sauti ya chini. Alijikojolea pale pale, kisha akaupiga mlango kwa kifua mpaka bawaba zikang'oka.

Kwenye kizimba cha mwisho kulikuwa na farasi mpya, amezamishwa mara arobaini tu. Kwake sikupiga mluzi. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida ya kazini, "Moja. Mbili." Sikufika tatu. Alikuwa anagonga kichwa ukutani kwa nguvu, tena na tena, hadi nilipotoka mbio.

*

"Kwenye vipimo hakuna kitu," alisema Daktari. Alikuwa ameketi kitandani kwake, mikono katikati ya magoti. "Tukio limefutika, Fausta. Nakuapia. Hawajui kwamba waliwahi kuzama."

"Hawajui, lakini wanaogopa."

"Hofu yenyewe inaonekana ina njia yake. Haipiti ninapofuta." Aliinua uso. Sikuwahi kumwona mtu msomi akiwa mdogo kiasi kile. "Tukio halipo, lakini kila kilichotangulia maumivu kimebaki. Mluzi. Labda harufu ya sare. Labda rangi ya kamba."

"Na sauti yangu."

"Tunaweza kukataza mluzi," alisema.

Nilitaka kumpiga kofi. Nilimwambia akajaribu kuwakataza Wadatoga na Wairaqw wa bonde zima wasimpigie mnyama mluzi mtoni, kisha aje anisimulie. Nilimwambia shimo linafungwa leo.

"Masika yanaanza baada ya siku tisa," alisema. "Una wanafunzi ishirini na wanne. Wana wiki mbili tu za shimo. Ukilifunga, wanashuka hivyo walivyo. Wangapi watakufa? Kumi na wanne tena? Wanyama wanaumia, sikatai. Lakini wanaamka asubuhi na kula. Mdogo wako hakuamka."

Nilikuwa bado nimesimama mlangoni mwake nilipoitwa kwenye redio. Alikuwa Tluway, muuguzi wa Endamuri, na alikuwa analia.

"Afande Gwandu, Kashata ameingia topeni hapa kivukoni. Mama mjamzito yuko mgongoni, nimemfunga kwenye machela ya tandiko. Sijui amepatwa na nini. Nilimpigia tu mluzi anywe maji."

*

Tulipanda nzi, ndivyo tunavyokiita chombo chetu cha kuruka. Wilaya nzima ina kimoja, kinaruka nusu saa kwa betri moja, na hakina ndoano ya kunyanyulia hata ndama. Nilichukua Sulle na wanaume wanne, maana ndio waliokuwa bora. Angani niliwaambia wavue sare.

"Zote?" aliuliza Sulle.

"Mbaki na nguo za ndani. Kofia ngumu muache. Kamba za rangi ya chungwa msiziguse, tumieni hizi za katani. Hakuna mluzi. Hakuna kuhesabu. Mtavuta kwa kutazamana. Wewe Sulle utaongoza, na hutasema neno lolote mlilonisikia mimi nikisema."

"Sasa tutatumia nini, Afande?"

"Mtatumia mikono."

Nilisikia jinsi lilivyo jibu la kijinga. Mimi ndiye mwalimu mkuu wa uokoaji wa wanyama wakubwa katika nchi hii, na nilikuwa nawatuma watoto wa watu topeni baada ya kuwapokonya kila nilichowafundisha.

Jua lilikuwa la utosi. Kashata alikuwa amezama hadi tumboni, hatua kumi na tano kutoka kivukoni. Machela ilikuwa imelalia upande, na mwanamke, Veronika, alikuwa ananing'inia na mikanda yake, nywele zikigusa tope. Alikuwa hapigi kelele tena. Nilishuka mbali, nikajibanza nyuma ya nzi, mwendo wa hatua arobaini, upande ambao upepo ulikuwa unavuma kutoka kwake kuja kwangu. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza.

Walikwenda vizuri. Sijui kama nimewahi kuona kazi nzuri namna ile. Walitambaa juu ya mbao bila haraka, Sulle akimwongelesha Kashata kwa Kiiraqw, maneno ya jikoni tu, mambo ya maharage na kuni. Masikio ya farasi yalikuwa yanamfuata. Walipitisha mkanda wa tumbo. Wawili walimshika Veronika kichwa na mabega. Ilibaki mikanda miwili ya machela, na mmoja ulikuwa umezunguka chini ya paja la nyuma.

Sulle alichukua kisu akapita nyuma.

Lilikuwa kosa la Matle, lile lile. Alipaswa kuzungukia mbele, apitie juu ya tandiko. Ingemchukua wiki mbili nyingine shimoni kulijua hilo kwa mwili wake na si kwa kuambiwa. Niliuona mguu wa nyuma wa Kashata ukilegea kwenye tope na kujikunja polepole kuelekea tumboni, nami nilijua utatua wapi.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. "Nyuma!" Neno moja tu, kwa sauti ambayo Sulle angeitii hata akiwa usingizini. Na Kashata angeisikia pia, na angerudi kwenye kila shimo nililowahi kumtia, na Veronika angekwenda chini ya kilo mia nne na thelathini pamoja na mtoto wake. Niliupeleka mkono mdomoni nikauuma. Niliuma hadi meno yakakutana na mfupa. Nilinyamaza.

Kisu kilikata mkanda wa mwisho. Machela ilifunguka, wanaume wakaivuta, na wakati huohuo ukwato ulimpata Sulle usoni. Sauti yake ilikuwa ya chungu kinachopasuka. Alianguka kinyumenyume topeni. Hakuna aliyeacha nafasi yake, kama nilivyowafundisha, mpaka Veronika alipofika kwenye ubao. Ndipo wawili walipomrukia Sulle wakamchomoa kwa nywele.

Alikuwa hai. Taya lilikuwa limehama upande mmoja na jicho la kushoto halikuwapo. Waliwapakia wote wawili, na Tluway akapiga magoti ndani ya nzi kwa sababu mtoto alikuwa anakuja.

Nilibaki na Kashata. Mkanda wa tumbo alikuwa nao tayari, na ncha ya kamba ilikuwa juu ya ubao, haijafungwa popote. Alikuwa amechoka, kichwa kimeinama. Ardhi ngumu ilikuwa hatua tatu tu kutoka kifuani mwake, upande wangu. Mtu mmoja angetosha, maana bila mzigo angejitoa mwenyewe akionyeshwa njia. Nilivua sare yangu. Nilijipaka tope usoni na mikononi kuua harufu. Nikatambaa bila kupumua kwa nguvu, na wala sikusema kitu.

Nilikuwa nimeishika kamba alipoinua kichwa akaniona.

Hakupiga mateke. Hakulia. Alinitazama, ngozi yake ikakunjamana kutoka shingoni hadi mkiani, halafu akageuka. Katika kitabu changu cha mafunzo nimeandika kwamba farasi aliyezama hadi tumboni hawezi kugeuka. Kashata aligeuka. Aliipa ardhi ngumu mgongo, akajisukuma kuelekea kwenye kina, mkondo wa mto ulikokuwa, na kila alichobakiwa nacho alikitumia kukaa mbali na mimi.

Niliachia kamba. Nilirudi nyuma kwa magoti, nikasimama, nikakimbia, nikajitupa nyuma ya majani nikiwa nimejifunika uso, nikitumaini kwamba asiponiona atarudi. Nilihesabu hadi mia kimoyomoyo. Nilipoinua macho kulikuwa na maji tu, na ncha ya kamba ya katani inateleza polepole kuingia ndani. Nililia kwa sauti, kwa kuwa sasa ningeweza kupiga kelele nilivyotaka.

Nilipoingia ndani ya nzi, mtoto alikuwa ameshazaliwa na analia kwa nguvu. Redio ilikuwa inaniita.

"Fausta," alisema Daktari. "Wanafunzi wamejipanga shimoni. Wanataka kujua kama wanaendelea. Niwaambie nini?"

"Fukieni shimo," nilisema.

Mkono ulinikamata kifundo cha mguu. Sulle alikuwa amelala sakafuni, uso umefungwa kitambaa ambacho kilikuwa kimeshalowa. Hakuweza kusema. Alinitazama kwa jicho moja na kutikisa kichwa, hapana, hapana, damu ikimwagika kila alipotikisa. Halafu aliinua vidole vyake akanionyesha ishirini na vitatu, taratibu, kumi, kumi tena, kisha vitatu, idadi ya wanafunzi wenzake, ili nisije nikasema sikumwelewa.

"Fausta? Sijakusikia. Niwaambie nini?"

"Fukieni," nilirudia, na nikageukia dirishani ili nisilione jicho lake.